Utafiti wa Nguvu Kazi na Utafiti wa Ajira na Mapato Tanzania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ripoti ya ajira inapotoka, maswali yanayofuata ni yaleyale. Mbona mimi sijawahi kuulizwa? Hiyo asilimia 9 ya wasio na ajira imetoka wapi ilhali vijana wamejaa vijiweni? Majibu yaliyopo hapa yanahusu hasa Tanzania Bara. Nchi jirani zimetajwa pale tu zinaposaidia kuelewa. Unaweza kusoma swali moja ukaondoka. Panapohitaji maelezo zaidi utaelekezwa swali jingine.

## Mambo ya msingi

1. Tafiti hizi ni moja au mbili?

Ni mbili, na watu huzichanganya kila siku. Utafiti wa Nguvu Kazi unakwenda nyumbani: mdadisi anapiga hodi na kuuliza kila mwanakaya anafanya nini. Utafiti wa Ajira na Mapato katika Sekta Rasmi unakwenda kwa mwajiri: wizara, halmashauri, kiwanda, shule binafsi, hoteli.

Wa kwanza unamfikia kila aina ya mtu, awe daktari, mama lishe, mkulima au kijana aliyemaliza chuo na bado anazunguka na vyeti. Wa pili unawafikia walio kwenye orodha ya mishahara tu, lakini malipo yao unayapata kwa usahihi zaidi, kwa kuwa mhasibu anasoma kwenye vitabu badala ya kukumbuka. Kwa hiyo usitafute idadi ya wasio na ajira katika ripoti ya waajiri. Asiye na kazi hana mwajiri wa kumjazia dodoso.

2. Nani anazifanya, na baada ya muda gani?

Kwa Bara ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), kwa kushirikiana na wizara inayohusika na kazi. Zanzibar ina Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na huchapisha ripoti yake.

Utafiti wa waajiri uliundwa uwe wa kila mwaka. Ule wa kaya, Bara, ulifanyika 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Kutoka 2014 hadi 2020/21 ni muda mrefu mno kwa nchi ambayo vijana wake wanaingia sokoni kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Katikati hapo sera zilitungwa kwa kukisia. Kenya ilianza utafiti wa kila robo mwaka mwaka 2019. Marekani huuliza kaya zipatazo 60,000 kila mwezi. Kinachotukwamisha ni gharama: magari, mafuta, posho za wadadisi na mwaka mzima wa kuwa barabarani.

3. Si Sensa inatosha?

Haitoshi. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na kwa idadi kama hiyo maswali ya kazi hayawezi kuwa mengi. Dodoso la nguvu kazi huchimba kwa kina: saa, malipo, mkataba, kazi ya pili, namna mtu anavyotafuta kazi. Kazi nyingine ya Sensa ni kutoa orodha ya maeneo ambamo sampuli itachaguliwa.

4. Mbona mimi sijawahi kuulizwa?

Kwa sababu walioulizwa ni wachache, na wanatosha. Mwaka 2014 yalichaguliwa maeneo 480 ya kuhesabia watu, na kaya 24 katika kila eneo, jumla kaya 11,520. Wakati huo Bara ilikuwa na kaya takriban milioni 9. Piga hesabu: haifiki kaya moja kwa kila kaya 700.

Uchaguzi hufanyika kwa hatua mbili. Kwanza maeneo hupangwa katika makundi, Dar es Salaam, miji mingine na vijijini, kisha yanachaguliwa kwa bahati nasibu ambayo inalipatia eneo lenye kaya nyingi nafasi kubwa zaidi. Halafu timu inafika pale, inaorodhesha upya kaya zote, maana watu huhama na nyumba huota kila siku, na kutoka kwenye orodha hiyo kaya zinachaguliwa kwa kuruka idadi maalumu. Mwenyekiti wa mtaa haruhusiwi kupendekeza nyumba, na mdadisi haruhusiwi kuchagua ile yenye kivuli kizuri.

Majibu yako yakishapokelewa hupewa uzito. Kaya moja ya Mbagala inaweza kusimama kwa mamia ya kaya zinazofanana nayo. Ndiyo maana jibu la uongo la mtu mmoja halibaki la mtu mmoja.

## Kaya yako ikichaguliwa

5. Nitajuaje kwamba mdadisi ni wa kweli?

Atakuwa na kitambulisho na barua, na uongozi wa mtaa au kijiji (kwa Zanzibar, sheha) utakuwa na taarifa kabla hajafika. Ukiwa na shaka mwambie asubiri umpigie mwenyekiti. Mdadisi wa kweli haombi fedha, haombi namba ya siri ya simu wala ya benki, na hakuahidi ajira wala mkopo kwa sababu umejibu.

6. Nina shughuli nyingi. Anaweza kwenda kwa jirani badala yangu?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Fikiria inavyokuwa: kaya ambazo hazikutwi mchana mara nyingi ni zile ambazo watu wake wako kazini. Kama kila mlango uliofungwa ungebadilishwa na wa jirani aliyepo nyumbani, utafiti ungejaa watu wasiotoka, na ukosefu wa ajira ungeonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kwa hiyo mdadisi atarudi jioni au Jumapili. Mpangie muda.

Kuhusu kukataa, Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inamtaka mtu atoe taarifa anazoombwa, na kukataa bila sababu ni kosa. Hata hivyo wadadisi wazuri hawatishi mtu kwa sheria. Jibu lililotolewa kwa hofu huwa halina faida.

7. Anauliza nini hasa?

Msingi wa maswali yote ni kipindi kifupi: siku saba zilizopita. Hakuulizi kazi uliyosomea wala unayoitamani. Anauliza ulichofanya, kuanzia siku fulani ya wiki iliyopita hadi jana.

Hapa ndipo utaalamu wa mdadisi unapoonekana. Ukimuuliza mama wa Tandale, "Je, unafanya kazi?", atakujibu, "Sina kazi, nipo tu nyumbani." Mdadisi aliyefunzwa haweki alama hapo. Anaendelea: Wiki iliyopita uliuza chochote, hata kidogo? "Maandazi asubuhi, kwa watoto wa shule." Ulimsaidia ndugu katika biashara yake bila malipo? "Jumamosi nilikaa kwenye genge la dada." Ulilima? Ulifuga kuku wa kuuza? Uliosha nguo za watu? Mwishoni, yule aliyekuwa "nyumbani tu" ana saa ishirini na kitu za kazi na kazi mbili. Wanawake ndio hupotea zaidi dodoso linapoulizwa haraka haraka, na nchi ikishawakosa kwenye takwimu itawakosa pia kwenye mikopo, masoko na hifadhi ya jamii.

Baada ya hapo yanafuata maswali ya aina ya kazi, ambayo huwekewa namba kwa mwongozo wa kitaifa wa kuainisha kazi, TASCO. "Fundi" peke yake haitoshi: fundi wa nini, anatumia nini, anatengeneza nini? Kisha huja saa, malipo, mkataba, likizo, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kama mtu angependa kufanya saa zaidi.

8. Ni kweli kwamba ukifanya kazi saa moja tu kwa wiki unahesabiwa una ajira?

Ni kweli. Ni kanuni ya kimataifa, iliyowekwa na mikutano ya watakwimu wa kazi chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), na inatumika karibu kila nchi (tafsiri ya kitaifa ya Tanzania inatofautiana kidogo, ona swali la 14). Inawaudhi watu wengi, kwa hiyo sababu yake inastahili kuelezwa vizuri.

Kila mtu mwenye umri wa kufanya kazi, yaani miaka 15 na kuendelea, lazima aangukie katika kundi moja tu kati ya matatu: ana ajira, hana ajira, au yuko nje ya nguvu kazi, kama mwanafunzi wa muda wote au mzee aliyepumzika. Ukipandisha kizingiti hadi saa kumi, kibarua aliyebeba mizigo kwa jumla ya saa nane sokoni Kariakoo anaonekana hakuzalisha chochote, ilhali mizigo imehama na fedha imelipwa. Saa moja inahakikisha kila kazi imeingia kwenye hesabu.

Kosa ni kuishia hapo. Utafiti unapima pia ajira pungufu: mtu aliyefanya chini ya saa 40 kwa wiki, na yuko tayari kufanya zaidi. Ukitaka kuijua hali ya vijana wa kijiweni, fungua jedwali hilo kwanza. Magazeti hulipita, na mimi naona ndilo lenye habari kubwa kuliko kiwango cha ukosefu wa ajira chenyewe.

9. Mimi ni dereva wa bodaboda, kipato changu kinabadilika kila siku. Nijibu nini?

Usijibu kwa makisio ya mwezi. Anza na siku moja ya karibuni, mjenge hesabu pamoja. Tuseme jana abiria walikupa shilingi 30,000. Petroli imekula 9,000. Hesabu ya mwenye pikipiki ni 10,000. Zinabaki 11,000, na humo utoe sehemu ya oili, matairi na tozo za kijiwe. Kinachobaki ndicho kipato chako. Wali maharage uliokula mchana hauondolewi, kwa sababu ungekula hata kama hukuendesha. Kisha mdadisi atauliza uliendesha siku ngapi, na kama wiki hiyo ilikuwa ya kawaida au ya mvua.

Makosa mawili yamezoeleka: kutaja mauzo yote kana kwamba ni faida, na kutaja kile tu kilichofika nyumbani baada ya kulipa vikoba. Mchango wa vikoba ni matumizi ya kipato chako, si gharama ya biashara.

Njia hiyohiyo inamfaa mama lishe, mchuuzi na kinyozi. Kwa mkulima kipindi huwa kirefu zaidi, maana mavuno hayaji kila wiki.

10. Nikitaja kipato halisi, TRA (Mamlaka ya Mapato) watanifuata?

Hapana. Sheria ya Takwimu inazuia taarifa ya mtu mmoja mmoja au kampuni moja kutolewa kwa mamlaka nyingine, na mdadisi hula kiapo cha kutunza siri. Jina lako halichapishwi. Hata jedwali ambalo lingemfichua mtu, mfano kiwanda kimoja pekee cha aina yake katika mkoa, huunganishwa na jingine.

Ajabu ni kwamba wanaoficha kipato hujiumiza. Sekta ikionekana maskini kupita kiasi hata mabenki huiogopa.

## Kwa waajiri

11. Kampuni gani hupelekewa dodoso la ajira na mapato?

Taasisi zote za umma, na kampuni zote binafsi zenye wafanyakazi 50 au zaidi. Zile zenye wafanyakazi 5 hadi 49 huchaguliwa kwa sampuli, kutoka kwenye rejista ya taasisi na kampuni inayotunzwa na NBS. Kampuni kubwa haziachwi kwa bahati nasibu kwa sababu moja kati yake ikikosekana, jumla ya mkoa mzima inayumba.

12. Tunajaza wafanyakazi wa siku gani?

Walio kwenye orodha ya malipo tarehe 30 Juni, hata kama dodoso limekufikia Novemba. Siku moja kwa wote ndiyo inayoruhusu kulinganisha. Utaulizwa idadi kwa jinsi, umri, uraia, kazi na aina ya mkataba, mshahara wa msingi, posho, thamani ya chakula au nyumba ya bure, waliopata ajira mpya, na nafasi zilizo wazi.

Jaza mshahara kabla ya makato. Wahasibu wengi huweka kile kinachoingia benki, na hapo kodi, mchango wa NSSF na mkopo wa mfanyakazi vyote vinapotea kana kwamba havikulipwa.

13. Walinzi na wafanya usafi wetu wameletwa na kampuni nyingine. Tuwaweke?

Hapana, anawaweka anayewalipa mshahara. Ninyi na kampuni hiyo mkiwaweka wote, watahesabiwa mara mbili. Vibarua mnaowalipa ninyi wenyewe waweke, kwenye safu ya wafanyakazi wa muda.

## Kusoma namba

14. Asilimia 9 ya wasio na ajira mwaka 2020/21 ilipatikanaje?

Kwa kugawanya wasio na ajira kwa nguvu kazi, wala si kwa watu wote. Chukua kata yenye watu 1,000 wa miaka 15 na zaidi. Kati yao 200 ni wanafunzi, wagonjwa na wazee, wako nje ya nguvu kazi. Wamebaki 800. Wasio na ajira wakiwa 72, kiwango ni asilimia 9.

Nani huingia kwenye wale 72? Kwa tafsiri ya kimataifa, ni mtu ambaye hakufanya kazi hata saa moja, yuko tayari kuanza, na ametafuta kwa vitendo: amepeleka barua, ameuliza, ametafuta mtaji. Tafsiri ya kitaifa ya Tanzania ni pana zaidi. Humwingiza pia aliye tayari lakini ameacha kutafuta, na yule aliyefanya kazi kidogo lakini hana uhakika wa kuipata tena. Naiona ni tafsiri ya haki kwetu. Kijana wa Nzega anayejua kwamba hakuna ofisi ya kupeleka barua hawezi kuitwa asiyetaka kazi.

Kwa tafsiri hiyo ya kitaifa kiwango kilikuwa asilimia 11.7 mwaka 2006, 10.3 mwaka 2014 na 9.0 mwaka 2020/21. Anayetaja namba bila kutaja tafsiri hajakwambia kitu.

15. Naweza kulinganisha na Kenya au Rwanda?

Kwa tahadhari kubwa. Rwanda, tangu utafiti wake wa 2016, hufuata azimio la ILO la 2013, ambalo humtoa kwenye ajira mkulima anayelima hasa kwa ajili ya kula na familia yake. Anaonekana anafanya kazi, lakini si "ajira". Kwa hiyo nguvu kazi inapungua na kiwango cha ukosefu wa ajira kinapanda, bila mtu yeyote kupoteza kazi. Namba za ajira zinazotolewa kila mwaka na KNBS, ofisi ya takwimu ya Kenya, huwaacha wakulima wadogo na wafugaji wa kuhamahama, na katika zinazobaki zaidi ya asilimia 80 ni sekta isiyo rasmi. Kuweka namba za nchi hizo tatu kwenye chati moja ni kuchanganya vipimo.

16. Mbona wastani wa mishahara uko juu kuliko mshahara wangu na wa wenzangu wote?

Ofisi ina watu watano. Wanne wanalipwa 400,000 kila mmoja, mkurugenzi 5,400,000. Wastani ni 1,400,000, mshahara ambao hakuna hata mmoja anayeupata. Mshahara wa katikati, wa yule wa tatu ukiwapanga kwa foleni, ni 400,000. Ukipata ripoti, tafuta namba hiyo ya katikati kama imetolewa. Kumbuka pia kwamba ule wastani wa utafiti wa waajiri ni wa sekta rasmi peke yake (swali la 1).

17. Zikitangazwa ajira mpya 100,000, maana yake wenye kazi wameongezeka 100,000?

Si lazima. Walioajiriwa ni namba moja, walioacha, kustaafu au kupunguzwa ni nyingine. Linganisha idadi ya tarehe 30 Juni mwaka huu na ya mwaka jana.

18. Kiwango kimeshuka kwa nusu asilimia. Tushangilie?

Subiri. Sampuli ina kiwango cha kukosea, na ripoti huweka jedwali lake kwenye viambatisho. Kitaifa namba ni imara. Ukishuka hadi vijana wa kike wa mkoa mmoja, waliohojiwa ni wachache, na nusu asilimia haina maana yoyote.

## Hali zisizo za kawaida

19. Wiki ile nilikuwa likizo ya uzazi, au mvua ilizuia kazi.

Una ajira, maadamu kazi ipo na utairudia. Ndiyo maana mdadisi huuliza sababu ya kutokuwepo na lini unarudi.

20. Mume wangu ni mvuvi, yuko dago (kambi ya wavuvi) mwezi wa pili sasa.

Anahesabiwa kwenye kaya yake ya kawaida kama hajakaa nje kupita muda uliowekwa kwenye mwongozo. Utamjibia wewe. Sema unachokijua, na usipojua kipato chake sema hujui. Majibu yanayotolewa kwa niaba ndiyo dhaifu kuliko yote, hivyo kama anapatikana kwa simu mdadisi atashukuru.

21. Ndugu yangu anafanya kazi Oman. Anaingia?

Haingii, kwani hakai nchini. Fedha anazotuma si kipato cha kazi cha aliyezipokea.

22. Nafanya kazi kwa kompyuta nyumbani kwa mteja wa nje ya nchi.

Una ajira, hapahapa unapokaa. Eleza unachofanya, nani anakupangia bei, na kama unaweza kumkataa mteja. Majibu hayo ndiyo yanayotenganisha aliyejiajiri na mtu anayemtegemea mteja mmoja kama mwajiri. Dodoso la waajiri haliwezi kukufikia kabisa.

23. Dada wa kazi anayeishi kwetu, nimjibie mimi?

Mwache ajibu mwenyewe. Anayelala na kula kwenu huandikwa pamoja na wanakaya, lakini kazi yake ni ajira yenye saa, malipo na mkataba, au isiyo nao. Mdadisi akiomba azungumze naye peke yake usichukulie vibaya. Akiulizwa saa anazofanya kazi mbele ya anayemlipa, atataja zile anazodhani bosi anataka kuzisikia. Alfajiri ya kuandaa watoto wa shule inapotea, na usiku wa kuosha vyombo pia. Maelfu ya wasichana wakijibu hivyo, kima cha chini cha mshahara kinajadiliwa kwa saa ambazo si zao.

24. Ninaweza kupata takwimu zenyewe, au kufanya utafiti wangu?

Ripoti ni bure kwenye tovuti ya NBS, na watafiti wanaweza kuomba data za mhojiwa mmoja mmoja zilizoondolewa majina. Kuhusu kufanya wako: marekebisho ya sheria ya 2018 yaliwatia watu hofu kwa kufanya kosa kusambaza takwimu zenye nia ya kubatilisha zile rasmi, na marekebisho ya 2019 yakaondoa kosa hilo. Ukichapisha, weka wazi uliwauliza watu wangapi, uliwachaguaje, na swali lilisomekaje neno kwa neno.